Fidia ya mapafu ya wanaapolo inalipwa na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie gharama ambayo haimo katika vitabu vya mifuko yetu ya hifadhi ya jamii, ingawa kuna watu wanaoilipa kila siku. Ni gharama ya silikosisi, yaani ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi la mawe, miongoni mwa wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo wa tanzanaiti huko Mirerani, wilayani Simanjiro.

Sheria tunayo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015, humgharimia matibabu mfanyakazi aliyeugua kwa sababu ya kazi yake, humlipa fidia ya ulemavu wa muda au wa kudumu, na akifariki huwalipa wategemezi wake. Fedha hizo hutoka kwa mwajiri peke yake, ambaye huchangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Mwanaapolo hana mshahara. Kwa kawaida hupewa chakula awapo mgodini, na shimo likitema tanzanaiti hupata mgawo wake. Lisipotema, ameambulia vumbi. Hana mkataba wala jina lake halimo katika orodha yoyote ya malipo, kwa hiyo hakuna mchango unaopelekwa WCF wala NSSF kwa ajili yake.

Ugonjwa wenyewe hauna haraka. Vumbi la silika analovuta mtu anapochoronga mwamba mkavu bila maji hubaki mapafuni, hujenga makovu, na makovu hayo huweza kuendelea kuongezeka hata miaka mingi baada ya kuacha mgodi. Dawa ya kuyaondoa haipo. Zaidi ya hayo, silikosisi humweka mtu katika hatari kubwa ya kuugua kifua kikuu, na picha za eksirei za magonjwa haya mawili hufanana kiasi cha kuwachanganya hata wahudumu wazoefu. Nimepata kuisoma kadi ya mchimbaji wa zamani aliyemaliza dozi ya TB ya miezi sita kisha akaanzishiwa nyingine, ilhali makohozi yake hayakuwahi kuonyesha vimelea. Kazi yake iliandikwa "mkulima". Dawa hizo mgonjwa hazilipii, lakini Serikali inazilipia, na kwa kadi kama ile WCF haiwezi kujua kwamba kuna deni la mgodi.

Wapo watakaosema kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatosha. Bima hulipia matibabu. Haimlipi kijana wa miaka 35 anayetweta akitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, wala mkewe aliyefunga genge lake ili amhudumie.

Afrika Kusini nako walichelewa, lakini mwaka 2019 mahakama iliidhinisha makubaliano ya takribani randi bilioni 5 kwa wachimbaji wa dhahabu waliougua silikosisi na kifua kikuu, pamoja na familia zao. Kule kulikuwa na makampuni makubwa yenye kumbukumbu za ajira. Sisi tukisubiri kesi ya namna hiyo, sijui nani atashitakiwa.

Tulicho nacho ni ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka migodi ya Mirerani, uliozinduliwa Aprili 2018, pamoja na lango ambalo watu na mawe hukaguliwa. Serikali hutoza mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Napendekeza sehemu ndogo ya makusanyo hayo iingizwe WCF kama mchango kwa niaba ya wanaapolo, bila kuwaongezea wamiliki wa migodi tozo mpya, maana nao wana malalamiko yao ya haki. Kila anayeingia kufanya kazi asajiliwe, apigwe picha ya kifua na kupimwa uwezo wa mapafu, na vipimo hivyo virudiwe kila baada ya muda. Hospitali ya Kibong'oto, iliyobobea katika magonjwa ya kifua, haiko mbali.

Ningefurahi iwapo Tume ya Madini na WCF watajibu kupitia ukurasa huu: je, sheria iliyopo inaruhusu mchango wa aina hiyo, au ni lazima suala hili lipelekwe bungeni?

Msomaji wako,
Arusha