Kabla ya kuikataa nyama ya maabara, tumwangalie kuku wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa nyama ya maabara, yaani ile inayokuzwa kutoka chembe hai za mnyama. Vijiweni na kwenye makundi ya simu hukumu imeshapita: hiyo si nyama, ni kemikali, ni mipango ya Wazungu, sisi tunakula vya asili. Mimi ni muuza kuku hapa Dar es Salaam, na hivyo vya asili ndivyo navipangia bei kila asubuhi.

Mteja akifika huanza na miguu, kisha manyoya. Akiona madoadoa anajua kapata kienyeji, analipa bei kubwa kuliko ya broila na kuondoka kifua mbele. Sasa nimseme huyo kienyeji. Wengi wanaouzwa mjini leo ni chotara: Kuroila, mbegu iliyotoka India, au Sasso, iliyotoka Ufaransa. Yai lake halikuatamiwa na kuku yeyote, limetotoleshwa kwenye mashine. Kifaranga kachanjwa dhidi ya magonjwa ya mdondo na gumboro, kalishwa chakula cha kiwandani, jalala hajawahi kuliparura. Lakini rangi anayo, basi ni wa asili! Broila naye anasingiziwa homoni, wakati kinachomfikisha mzani ndani ya wiki tano au sita ni chakula pamoja na uteuzi wa mbegu wa miaka mingi. Cha kuogopa ni antibayotiki, pale mfugaji anapompa kuku dawa leo na kesho akampakia kwenye tenga, bila kungoja zile siku za dawa kutoka mwilini. Na hapo chotara na broila ni walewale.

Hiyo ya maabara hutengenezwa hivi: chembe hai huchukuliwa kwa mnyama, zikawekwa kwenye matangi yenye joto la mwili, zikalishwa sukari, chumvi, vitamini na asidi amino mpaka zikaongezeka na kuwa nyama. Baga ya kwanza, ya Profesa Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, ilionjwa London Agosti 2013 na iligharimu kama euro 250,000. Singapore iliruhusu kuku wa namna hiyo Desemba 2020, Marekani Juni 2023. Italia ikapiga marufuku Novemba 2023, ilhali hakuna hata kipande kilichokuwa kimeruhusiwa kuuzwa katika Umoja wa Ulaya. Waliokuwa mbele kushinikiza ni Coldiretti, chama kikubwa cha wakulima na wafugaji. Siwalaumu, kila mtu analinda mkate wake, ila tusidhani ni suala la asili tu.

Sisemi anayeikataa ni mjinga. Nasema anauliza swali jepesi akaacha magumu. Kwa miaka mingi ukuzaji wa chembe hizo ulitegemea majimaji ya damu ya kijusi cha ndama, yanayokingwa ng'ombe mwenye mimba anapochinjwa. Kampuni kadhaa zinasema zimeachana nayo. Muuzaji wa kila mzigo athibitishe. Halafu sisi Waislamu tuna la kuchinja: chembe zimetoka kwa mnyama gani, na kwa njia gani? Kamati ya fatwa ya Singapore, Februari 2024, iliikubali kwa masharti: chembe zitoke kwa mnyama anayeliwa kisheria, na kisiingie kisicho halali wakati wa kutengeneza. Waliuliza vitu vinavyoweza kukaguliwa. Manyoya ya madoadoa hayamwambii mkaguzi kitu.

Ombi langu kwa Shirika la Viwango (TBS) na Bodi ya Nyama ni kanuni ya lebo iwe tayari kabla mzigo wa kwanza haujafika bandarini: mnyama gani, kachinjwa au hakuchinjwa, chembe zililishwa nini, na yote kwa Kiswahili. Ila mzigo huo huenda ukachelewa sana, na kuku wako hapa leo. Basi anzeni na sisi. Chotara auzwe kwa jina la chotara, na mfugaji alete karatasi yenye tarehe ya dawa ya mwisho. Bei ya "kienyeji" wangu itashuka, najua, na wenzangu sokoni watanijia juu gazeti likitoka.

Muuza kuku,
Dar es Salaam