Barua ya wazi kwa vijana wetu mnaohamia Lagos

Wanangu, salaam.

Habari zenu zinanifikia hapa Tanga. Huyu kapata kazi benki, yule yuko kampuni ya kutuma fedha kwa simu, na wengine mnafuata muziki. Mnatoka Dar, Nairobi, Mombasa, hadi Bukoba. Na kila anayekuja kuniaga huniuliza, "Mzee, ni kweli Lagos ni hatari?" Kabla sijajibu huwa ameshanionyesha kwenye simu picha ya nyumba aliyoilipia: Lekki, ukuta mrefu, nyaya za umeme juu ya ukuta, walinzi langoni, na humo ndani Wakenya na Watanzania wenzake. Sasa swali la nini, ikiwa jibu umeshalilipia kodi ya mwaka mzima?

Niliishi Lagos tangu mwishoni mwa 1972 hadi 1980. Nilikuwa karani wa wakala wa meli pale Apapa. Kazi yenyewe nilijifunzia bandari ya hapa kwetu, kwenye marobota ya mkonge. Chumba nilipanga Ebute Metta. Nina neno moja tu la kuwaambia, mengine yote ni maelezo yake: pangeni penye majirani wenyeji, wengi, hata kama wana kelele.

Nyumba yetu ilikuwa ya aina wanayoiita face-me-I-face-you. Mtu aliyekulia Ilala au Ngamiani haelezwi sana: korido katikati, vyumba huku na huku, milango ikitazamana, jiko na bafu uani. Yetu ilikuwa ya ghorofa, na kila chumba kilibeba familia nzima. Walikuwamo Wayoruba, Waigbo, mama mmoja wa Benin (mji wa huko huko Nigeria, si nchi jirani) aliyeuza vitenge, na fundi viatu kutoka Togo. Korido nzima ilizungumza pijini, Kiingereza chao cha mtaani, nami nikaipata kabla sijajua njia ya kwenda sokoni, kwa sababu foleni ya bafu alfajiri haina mkalimani. Umeme ukikatika, jengo lote lililalamika kwa sauti moja. Ukirudi, mtaa mzima ulishangilia kama goli limeingia. Nasikia hilo halijabadilika.

Nje ya mlango alikaa mama wa akara. Kunde alizilaza majini usiku, akazimenya maganda na kuzipeleka kusagwa. Alfajiri alizipiga kwa mwiko kwenye bakuli kubwa, mkono hautulii, mpaka rojo ijae hewa na iwe nyeupe. Chumvi aliitia mwisho kabisa, kwani ikitangulia povu linakufa. Kisha alichota kijiko baada ya kijiko, akitumbukiza kwenye mafuta, na vidonge vikajigeuza vyenyewe. Mtu wa Tanga akiziona atasema ni bajia za kunde, na hatakosea sana, ila akara ni nono zaidi na ndani ni laini. Unakula na ogi, uji wa mahindi yaliyochachushwa. Alizifunga kwenye gazeti la jana, na hivyo ndivyo nilivyosoma habari nyingi za nchi ile, zikiwa zimelowa mafuta.

Mama huyo hakuwa rafiki yangu kwa maana yenu ya siku hizi. Tulisalimiana, tukabishania bei, basi. Lakini malaria iliponilaza, yeye ndiye aliyegundua kwamba yule mgeni wa juu hajapita asubuhi, akamtuma mtoto abishe mlango. Mlinzi wa getini Lekki atawapigia saluti, wanangu, lakini hatajua kama mmekula.

Salamu nisisahau. Myoruba ana salamu ya kila hali: ya anayefanya kazi, ya aliyetoka safari, ya aliyevaa nguo mpya. Mbele ya mkubwa, kijana wa kiume hulala kifudifudi au angalau huinama hadi mkono uguse chini; msichana hupiga magoti. Ninyi mliolelewa na shikamoo hamtapata taabu. Wale mnaompita mtu mzima huku macho yako kwenye simu, kelele za Lagos zitawafundisha adabu haraka sana.

Mtaulizwa mmetoka wapi. Mtanzania, jiandae kwa hili: nchi yako ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitambua Biafra, eneo la Waigbo lililojitenga na Nigeria, tarehe 13 Aprili 1968. Vita viliisha Januari 1970, na nilipofika vilikuwa bado vibichi vifuani mwa watu. Kulikuwa na muuza vipuri Mwigbo ambaye, aliposikia neno Tanzania, alirudisha noti zangu mfukoni mwangu akasema nimsalimie Nyerere, kana kwamba Mwalimu ni shemeji yangu. Wiki ile ile mzee mmoja kazini, Myoruba, mtu mstaarabu kabisa, aliniuliza kwa nini tulitaka kuivunja nchi yake. Sikuwa na jibu lililowatosha wote wawili, na sidhani kama lipo. Nilijifunza kusikiliza. Leo mtawakuta wajukuu wa wote wawili ofisini kwenu. Msiwaeleze vita vyao kwa kile mlichosoma juzi. Waachieni wenyewe waanze, na wakianza, kaeni kitako.

Kuna lango rahisi zaidi, nalo ni michezo. Januari 1973, mwezi ule ule naira ilipochukua nafasi ya pauni na watu wakawa bado wanahesabu kwa shilingi, Lagos iliandaa Michezo ya Afrika katika uwanja mpya wa Surulere. Katika mita 1,500 Filbert Bayi wetu alimshinda Kipchoge Keino. Keino! Mwaka uliofuata dunia nzima ilimjua Bayi alipoweka rekodi kule Christchurch, lakini sisi wa Ebute Metta tulikuwa tumeshamjua. Kwa majuma kadhaa sikuwa na jina pale mtaani, niliitwa Bayi tu, mimi ambaye kupanda ngazi kulinitoa jasho. Mkenya mmoja tuliyefanya naye kazi alihama meza ya chakula.

Deni hilo tulililipa Machi 1980. Taifa Stars walifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, na mechi ya ufunguzi ikawa dhidi ya wenyeji, uwanja ule ule. Tatu kwa moja. Nilirudi nyumbani nikakuta korido yote imejipanga, milango wazi, kila mtu akinipa pole kwa namna iliyozidi matusi. Nigeria walilichukua kombe lile kwa kuifunga Algeria tatu bila, na usiku ule hakuna aliyelala Lagos.

Sasa msije mkadhani nawauzia pepo. Wazee tukikaa tunaosha kumbukumbu zetu mpaka zinang'aa, na mkikutana na mzee wa Lagos atawaambia zamani palikuwa salama, pasafi, na foleni haikuwapo. Msimbishie, lakini msimwamini. Foleni ilikuwapo, ikiitwa go-slow. Kuvuka kwenda kisiwani tulikuwa na daraja la Carter na la Eko. Lile refu la Third Mainland lilikamilika 1990. Mwaka 1977 serikali iliamua magari ya namba shufwa na ya namba witiri yapishane siku barabarani. Wenye uwezo wakanunua gari la pili lenye namba ya upande mwingine, na foleni ikarudi pale pale. Sisi wengine tulipanda molue, lile basi la Mercedes lililoungwa bodi humo humo Lagos kwa mabati, la njano lenye mistari meusi. Kondakta alining'inia mlangoni akiimba vituo, muuza dawa alihubiri katikati kuhusu minyoo, na basi halikusimama kituoni, lilipunguza mwendo tu. Unashuka kwa mguu wa kushoto ukikimbia. Danfo za leo, vile vibasi vidogo, zina tabia hiyo hiyo. Jifunzeni mapema.

Salama? Tangu 1971 majambazi walipigwa risasi hadharani Bar Beach, na watu walikwenda kutazama, wengine na watoto. Sikwenda, ila niliwaona wakirudi, wakizungumza kama waliotoka mpirani. Pesa ya mafuta ilipofurika, wizi nao ulifurika, mdogo na mkubwa. Ule mkubwa niliutazama kwa macho yangu mwaka 1975 kupitia dirisha la ofisi. Serikali iliagiza saruji inayokaribia tani milioni 20, wakati bandari ya Lagos iliweza kupokea kama tani milioni moja kwa mwaka. Meli zilijaa baharini kwa mamia, zikingoja zamu kwa miezi. Nyingine zilikuwa mikangafu isiyofaa hata kubeba chumvi, zimeletwa makusudi, kwa sababu meli iliyocheleweshwa hulipwa kwa kila siku inayongoja. Kuna saruji iliyogandia humo humo matumboni mwa meli. Karani aliyefundishwa Tanga kuhesabu marobota moja moja alikuwa na mengi ya kujifunza.

Mwezi Julai wa mwaka huo Jenerali Gowon, mkuu wa nchi, alipinduliwa akiwa mkutanoni Kampala kwa Idi Amin, mkutano ambao Tanzania iliususia. Nilionekana nabii kwa siku mbili tatu, japo sikuwa nimetabiri chochote. Murtala Muhammed aliyemfuata aliisafisha serikali kwa kasi iliyowatisha watu, na alitembea bila msafara. Tarehe 13 Februari 1976 gari lake lilikuwa kwenye foleni ya Ikoyi, asubuhi, kama la mtu mwingine yeyote, wanajeshi waasi wakammiminia risasi. Mtatua kwenye uwanja wa ndege wenye jina lake na mtaishika noti yenye sura yake. Gari lenyewe liko makumbusho ya Onikan, na matundu yake. Nendeni mkalitazame kabla ya kwenda ufukweni. Mkitoka hapo mtaelewa kwa nini watu wa umri wangu hunyamaza kidogo jina lile likitajwa.

Kuanzia Januari hadi Februari 1977 ikaja FESTAC, tamasha la sanaa la watu weusi wa dunia nzima, washiriki kama 16,000. Nembo yake ilikuwa kinyago cha pembe cha Malkia Idia wa Benin, na makumbusho ya Uingereza yaliyokishikilia yalikataa hata kukiazima. Mama wa vitenge pale kwetu, Mbini (mtu wa Benin) halisi, alilichukulia jambo lile kama wizi uliofanyika chumbani kwake. Wageni walipomaliza maonyesho ya serikali Iganmu walikwenda usiku kwa Fela Kuti, mwanamuziki aliyeikosoa serikali. Tamasha liliisha tarehe 12 Februari. Siku sita baadaye askari wapatao elfu moja walivamia nyumba ya Fela, wakaichoma, wakamtupa mama yake dirishani. Tume iliundwa, ikasema aliyechoma ni askari asiyejulikana. Kicheko nilichokisikia kwenye korido yetu jioni ile taarifa ilipotangazwa sijakisikia tena popote.

Kwa hiyo, hapana, haikuwa pepo. Ila nilikuwa na watu wa kucheka nao hata kicheko cha namna hiyo, na mtu aliyejifungia ukutani angeyasikia hayo kwenye redio peke yake.

Na kuhusu Lekki yenu: kabla ya majumba yale, upande wa Victoria Island palikuwa na mtaa wa walalahoi uitwao Maroko. Julai 1990 serikali ya kijeshi ya jimbo iliubomoa kwa tingatinga. Watu wanaokadiriwa 300,000 walitolewa kwa siku chache. Nilikuwa nimesharudi nyumbani, lakini fundi viatu wetu, aliyekuwa amehamia huko, aliandika barua. Siwaambii msikae upande ule. Nawaambia mkisikia dereva wenu analitaja Maroko, muulizeni.

Fundi huyo alikuwa na bahati mara moja kabla ya hapo: Januari 1983, serikali ilipotoa amri wageni wasio na vibali waondoke ndani ya wiki mbili, yeye alikuwa na karatasi. Watu zaidi ya milioni moja, Waghana wengi wao, waliondoka wakibeba mizigo kwenye mifuko ile ya plastiki ya miraba. Na hawa walikuwa majirani wema, walimu, mafundi. Ujirani mzuri haufuti tarehe ya viza. Vibali vyenu viwe vimetimia, nakala moja kazini, nyingine kwa mtu mnayemwamini.

Mambo madogo yaliyobaki. Mkitaka pa kupanga, ulizeni Surulere, Yaba, au Festac Town, mji uliojengwa kulaza wageni wa lile tamasha. Kazini Victoria Island ni mbali, najua; amkeni mapema. Suya, nyama ya mshikaki, mnunue usiku kwa Mhausa anayechoma mbele yenu, mwambieni apunguze pilipili, hatapunguza. Mkialikwa sherehe ya Jumamosi, na mtaalikwa, kitambaa cha sare kilipiwe mapema maana mafundi cherehani hujaa. Pale mtaona watu wakimbandikia mpiga muziki noti kipajini, japo sheria ya 2007 inakataza. Ninyi wa pwani mnajua kutunza kwenye taarabu, lakini hapo jizuieni. Noti mzivunje ziwe ndogo ndogo kabla hamjatoka nyumbani, kwa ajili ya nauli. Na danfo haina chenji.

Mzee wenu,
Tanga