Acheni kuiita piko hina

Mhariri,

Habari ile ya mchoraji wa Shela na "hina nyeusi ya asili ya Lamu", mliyoichapa pamoja na picha kubwa ya mkono wa mgeni, imenikera. Gazeti lenu naletewa na mwanangu kwa zaidi ya miaka 20, nalisoma mpaka matangazo ya vifo, na nikiona kosa hunyamaza. Hili sinyamazi. Hina nyeusi haipo, haijapata kuwako Lamu wala kwingineko. Ile mliyoisifu ni piko, na piko ni rangi ya nywele.

Mwandishi wenu angemuuliza mwanamke yeyote hapa Langoni, angeambiwa. Hina ni majani ya mhina. Yanakaushwa, yanatwangwa, yanachekechwa kwa kitambaa cha shashi mpaka unga uwe laini kama wanja, kisha unakandwa kwa ndimu na maji ya chai ukaachwa ulale. Mkononi hukaa saa nyingi. Bibi harusi hashiki kitu, chakula analishwa. Ukiibandua, rangi ni ya chungwa, na wasiojua huanza kununa. Siku ya pili ndipo inapoiva ikawa damu ya mzee. Piko huja kwenye pakiti, unga unaokorogwa na maji, na haimalizi saa moja mkono umeshakuwa mweusi kama wino. Haraka hiyo ndiyo mliyoipamba: mgeni ashuka kwenye boti, apakwa, aenda zake kula.

Siandiki kumsengenya mwenzangu wa Shela. Mimi mwenyewe nimepaka piko kwa miaka. Harusi zetu hupenda mistari ya nje iwe nyeusi na ndani ijazwe hina nyekundu, na mikono niliyoichora hivyo siwezi kuihesabu. Aliyenitoa huko ni mtoto wa kaka yangu. Alikuwa na miaka 9. Siku moja kabla ya Iddi alinijia akaniambia, "Shangazi, nami nipake kama bibi harusi, nyeusi." Nikamchorea ua moja kubwa mgongoni mwa kiganja, na kikonyo kilichopanda mpaka karibu na kiwiko, na vijani huku na huku. Siku ya Iddi alitamba nalo mtaa mzima. Siku ya nne mamake akanitumia mtu. Nilimkuta mtoto amekaa barazani, mkono ameulaza juu ya mto, hataki uguswe hata na upindo wa leso. Ua langu lilikuwa limefura. Si mkono, Mhariri, ua! Kila jani nililolichora limekuwa lengelenge lenye umbo la jani, limejaa maji ya manjano. Kikonyo kimekuwa msururu wa malengelenge madogo kama ushanga. Na pale ambapo mkono wangu haukupita, ngozi safi kabisa. Ungeweza kuonyesha kwa kidole nilipoanzia na nilipoinua mkono. Mtoto analia, "Shangazi, yaniwasha, ifute," nami sina cha kufuta. Wino ulipotoka, ua lilibaki limeandikwa kwa weupe juu ya ngozi yake, na mwaka ulipita bado laonekana.

Daktari alituambia kilichomo kwenye piko na kilichofanya hivyo kinaitwa parafenilinidiamini, kwa ufupi PPD, na kwamba mwili ukishakikataa mara moja hausahau. Hatukumwelewa vizuri. Miaka 10 baadaye msichana alikwenda kutia nywele rangi nyeusi kwa harusi ya rafiki yake, akaamka uso umevimba hata macho hayafunguki. Hapo tukaelewa. Yule hatatia tena rangi ya aina ile maisha yake yote, na sababu ni ua moja la shangazi yake.

Tena pakiti zenyewe zasema. Kwa herufi ndogo, kwa lugha ambayo wengi wetu hatuisomi, zimeandikwa kwamba ujaribu kidogo kwanza, ungoje saa 48, na usiipake kwenye nyusi wala kope. Huko Ulaya ipo ruhusa ya kutia PPD kwenye rangi ya nywele, na isizidi asilimia 2, lakini kuipaka kwenye ngozi ni marufuku. Marekani pia. Kwa hiyo mgeni wenu wa pichani amepakwa hapa kitu ambacho kwao hakiruhusiwi, akaambiwa ndiyo mila ya Lamu. Na kuungua huku hakuji papo hapo; huja baada ya siku mbili tatu, hata wiki mbili. Mgeni ameshavuka Manda kwenye uwanja wa ndege, ameshapanda ndege, yuko kwao ajikuna. Aliyempaka hatajua kamwe, na kesho yake apaka mwingine kwa moyo mweupe.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, hebu niseme na la mkorogo, ile krimu ya kujichubua ngozi. Zebaki na haidrokwinoni zimekatazwa kwenye vipodozi nchini, ila ukipita madukani wapimiwa krimu isiyo na jina kwenye kikopo kilichokuwa cha kitu kingine. Nawaona mabibi harusi ninapowashika mikono: uso wa rangi moja, shingo ya pili, na vifundo vya vidole vyeusi vilivyokataa kugeuka. Vifundo havidanganyi. Zebaki hula figo, na haimdhuru aliyejipaka peke yake, kwani hubaki kwenye taulo na kwenye mto, na mtoto hulalia hapo hapo. Bibi zetu walikuwa na liwa, walikuwa na dalia, walikuwa na singo, na bibi harusi alipotoka ndani alinukia asumini kutoka kilango cha jirani. Leo naitwa kumpaka hina msichana ambaye ngozi yake imekonda hata naogopa kumkandamiza.

Nawaombeni mambo mawili. La kwanza, chapeni sahihisho, ukurasa ule ule, ukubwa ule ule wa picha ile: piko si hina. La pili, liwafikie wapakaji wote wa Shela na wa huku mjini: pakiti ikae mbele ya mteja aione, si unga uliokwisha kukorogwa kwenye bakuli. Anayeng'ang'ania piko apakwe tone la ukubwa wa punje ya mchele nyuma ya sikio, aambiwe arudi baada ya siku mbili. Anayeondoka kesho asipakwe piko kabisa. Mtoto asipakwe, hata mamake akinuna. Wote hao wapakwe hina, na wangoje iive kama walivyongoja bibi zao.

Mkitaka picha ya kuweka kwenye sahihisho, mtumeni mpiga picha. Nimemuuliza msichana, naye amekubali mkono wake upigwe, mradi uso wake usionekane. Ukiutazama kwa ubavu, mwanga wa asubuhi ukiwa dirishani, kikonyo bado kinaonekana.

Mchoraji hina,
Langoni, Lamu