Kabla hujaitisha kikao cha kwanza

Mheshimiwa Mwenyekiti (usicheke shoga yangu, ndivyo watakavyokuita),

Hongera, na pole pia. Umeuliza uanzie wapi na bodi ya shirika lenu lisilo la kiserikali, bodi ya wajumbe 9 inayokutana, inasaini posho na kutawanyika. Anza na makabrasha, yaani nyaraka za kikao. Yawafikie wajumbe siku 7 kabla ya kikao. Anayekabidhiwa kurasa 40 mlangoni hawezi kuhoji kitu. Atasema "tumepokea" na taarifa ya mkurugenzi itapita bila kuguswa.

Jambo litakalokusumbua zaidi ni akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayohalalisha kikao. Tuseme katiba yenu inataka zaidi ya nusu, yaani wajumbe 5, na ndio hao 5 waliofika. Mnafungua kikao vizuri. Mkifika ajenda ya zabuni ya kukarabati ofisi, mjumbe mmoja anatangaza maslahi: mdogo wake ni mmoja wa wazabuni. Lazima atoke nje. Akinyamaza tu pale kitini, macho yake yatapiga kura. Mmebaki 4. Je, aliyetoka bado anahesabiwa kwenye akidi? Kama katiba haisemi, uamuzi huo unapingika, na wa kwanza kuupinga atakuwa mzabuni aliyekosa. Kwa hiyo kikao chenye manunuzi usikiitishe kabla wajumbe 7 hawajathibitisha kufika. Muhtasari nao uandike nani alitoka, kwenye ajenda namba ngapi, na alirudi saa ngapi.

Halafu yatokanayo, yaani ufuatiliaji wa maazimio ya kikao kilichopita. Piga marufuku maneno "suala linaendelea kufanyiwa kazi". Kila azimio liwe na mhusika mmoja (si "sekretarieti") na tarehe ya kukamilika. Katibu asambaze rasimu ya muhtasari ndani ya siku 5, watu wakiwa bado wanakumbuka walichokubaliana. Ukingoja robo mwaka, nusu ya kikao kinachofuata itaishia kubishania cha nyuma.

Kwa mweka hazina, ukurasa mmoja unatosha: salio la benki lililolinganishwa na daftari, matumizi dhidi ya bajeti, madeni, na masurufu (fedha za kazi alizotanguliziwa mtu) ambayo hayajarejeshwa. Hapo kwenye masurufu ndipo pa kukazia macho. Ukiona jina lilelile robo mbili mfululizo, uliza mbele ya wote. Angalia pia watia saini wa akaunti: mara nyingi yupo aliyeondoka zamani, na kumbadilisha kunahitaji azimio la bodi.

Mkurugenzi muulizeni matokeo, kazi za kila siku mwachieni. Mjumbe anayempigia dereva simu kumpangia safari ameshamnyang'anya mkurugenzi mamlaka.

Mwisho, omba kuona cheti cha usajili. Hapa Tanzania, tangu Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 ifanyiwe marekebisho mwaka 2019, cheti kina ukomo wa miaka 10, na maombi ya kuhuisha hayangoji siku ya mwisho. Tarehe hiyo, pamoja na ya taarifa ya mwaka kwa Msajili, ziingie kwenye kalenda ya bodi, zisibaki kichwani mwa ofisa mmoja.

Nipigie picha kifungu cha akidi cha katiba yenu unitumie. Nataka kukisoma kabla barua za mwaliko hazijatoka.

Wako,
Mama Neema