Bunduki ya bata haijafa

Busia, Uganda
Jumapili usiku

Mwanangu Hamisi,

Salamu nyingi. Huku sote hatujambo, ila bibi yako magoti yanamsumbua kama kila msimu wa mvua. Karo nimesikia imefika, kwa hiyo hilo tuliache.

Nimebaki na maneno yako ya likizo. Uliitoa ile mashine ya gemu uvunguni mwa kitanda changu, ukaichomeka kwenye runinga bapa ya sebuleni, ukalenga bata wa kwenye skrini kwa bunduki yake na kufyatua weee, asianguke hata mmoja. Ukasema, "Baba, bunduki imekufa." Kisha ukaongeza kwamba vitu hivi vilibuniwa na watu wa kompyuta, si mafundi wa redio kama mimi. Nilikuwa na mteja mlangoni, nikanyamaza.

Bunduki haijafa. Ile hairushi kitu, inaona tu. Ndani ya mtutu mna kijicho cha kuhisi mwanga. Ukifyatua, mashine inafanya skrini yote iwe nyeusi, kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata inachora mraba mdogo mweupe. Kijicho kikiona weupe, bata ameanguka. Kikiona giza, umekosa. Runinga ya chogo huchora picha papo hapo inapoipokea. Hii bapa yetu huipokea, ikaichakata kwanza, ndipo ikaionyesha. Wewe huoni kuchelewa huko, lakini bunduki inakuta wakati wake umeshapita. Bata wako walikuwa salama tangu mwanzo.

Sasa hao watu wako wa kompyuta. Aliyeanzisha gemu za runinga za nyumbani aliitwa Ralph Baer, Myahudi aliyekimbia Ujerumani na wazazi wake mwaka 1938. Kule New York alisomea ufundi wa redio kwa masomo ya posta, akawa anatengeneza redio za watu. Fundi, Hamisi! Uhandisi wa televisheni alikuja kuusomea baada ya vita. Mwaka 1966, akimsubiri mwenzake kwenye kituo cha mabasi, akajiuliza runinga zote zile zilizojaa majumbani zingeweza kufanya nini zaidi ya kutazamwa. Fundi wake, Bill Harrison, ndiye aliyeshika chuma cha kulehemu. Mwaka 1972 kampuni ya Magnavox ikaiuza mashine yao kwa jina la Odyssey.

Ungeiona ungecheka. Haikuwa na sauti, na alama mliandika wenyewe kwenye karatasi. Uwanja wa mpira ulikuwa karatasi ya plastiki yenye rangi, unaibandika juu ya kioo cha runinga, ndani yake vinatembea vidoa vyeupe. Ilitumia betri sita. Na kompyuta ndani haikuwemo hata chembe: transista na dayodi tu, vile vipande vidogo vya umeme kama zilizomo kwenye kopo langu la dirishani.

Kampuni ya Atari wakaja na gemu yao ya Pong mwaka huohuo, ya kuchezea mabaa kwanza, ya nyumbani ikafuata 1975. Hao wanajulikana, siwaelezi.

Ninayetaka umjue ni Jerry Lawson, mtu mweusi wa New York, ambaye ujanani alijipatia hela kwa kutengeneza runinga za watu. Kabla yake gemu zilikuwa zimefungiwa ndani ya mashine: ukizichoka, umechoka na mashine yenyewe. Wazo la gemu ya kuchomeka lilitoka kampuni nyingine, Alpex, lakini Lawson na timu yake pale kampuni ya Fairchild ndio walioifanya kaseti ambayo mtoto anaweza kuichomeka na kuichomoa kila siku bila kuiunguza. Mashine yao, Channel F, ilitoka 1976. Watu hawakuinunua sana. Mwaka uliofuata Atari walitoka na ya kwao ya kaseti, sifa zikaenda huko.

Nintendo wa Japani, waliokuwa wakitengeneza karata tangu 1889, walitoa mashine yao ya gemu, Famicom, mwaka 1983. Hii yetu ya uvunguni ni nakala ya Famicom, ya Kichina, na niliinunua mtaa wa Sofia hapa Busia kabla sijamwoa mama yako. Kaseti yake ya manjano imeandikwa gemu 9999. Ni saba tu, zimerudiwa na majina tofauti. Niliweka benchi nje, watoto wakalipa shilingi mia kwa kufa mara moja, na hela ile ndiyo iliyoninunulia mita yangu ya kwanza ya kupimia umeme. Kama wale wa Alpex na Lawson wasingehangaika na kaseti, wateja wangu wangechoka kwa wiki moja.

Kosa langu lilikuwa kupuliza. Picha ikigoma, tunachomoa kaseti, puu, tunarudisha. Inakubali, tunadhani ni pumzi. Kumbe ni kule kuchomoa na kurudisha tu. Pumzi ina unyevu, nao unazitia pini kutu polepole. Dawa ni kusugua pini taratibu kwa raba ya penseli, kisha pamba yenye spiriti.

Kuna mteja ameniachia runinga ya chogo, inchi kumi na nne, anasema hairudii tena. Jana niliiwasha, picha inatulia. Adapta nayo nimebadilisha, ile ya zamani iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Pini bado sijazigusa, nakusubiri wewe. Ukija likizo beba raba, ile nyeupe laini. Hizi za dukani hapa zinaacha weusi.

Baba yako