Barua kwa mwanangu: Furaha ya mfungwa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza, katika kujifunza filamu, uanze na nani kati ya wale walioongoza na kuigiza pia. Anza na Vsevolod Pudovkin, mwongozaji wa Kisovieti, mzaliwa wa Penza, Urusi, 1893. Alisomea fizikia na kemia Moscow. Vita vya Kwanza vya Dunia vikamkatiza, akatekwa na Wajerumani. Mwaka 1920 akaingia shule ya filamu, kisha karakana ya mwalimu wa filamu Lev Kuleshov. Utepe wa kupigia picha ulikuwa adimu, basi wanafunzi walifanya maigizo yaliyopangwa shoti kwa shoti, yaani kipande kimoja cha picha baada ya kingine, kamera haina kitu.

Itazame filamu yake "Mama" ya 1926, pale mfungwa Pavel anapopenyezewa karatasi kwamba kesho yake atatoroshwa. Mwongozaji mvivu angesogeza kamera usoni na kumwambia Nikolai Batalov, aliyeigiza Pavel, atabasamu. Pudovkin aliona hilo litapwaya. Akaonyesha mikono isiyotulia, kisha nusu ya chini ya uso, pembe za mdomo tu. Katikati akapachika kijito kilichofurika, jua likicheza majini, ndege wakijimwagia maji, mwisho mtoto anayecheka. Furaha inazaliwa kichwani mwa mtazamaji.

Kwa nini maji? Hadithi yenyewe iko majira ya kuyeyuka barafu, na baadaye barafu ya mto itapasuka Pavel akitoroka. Hapo ndipo wanaoiga huharibu: wanachomeka farasi au ua lisilo na nasaba na kisa, mtazamaji akabaki kujiuliza limetoka wapi.

Jaribu. Piga shoti tano za sekunde kumi kila moja: mikono, mdomo, na tatu za vitu vilivyo jirani na kisa chako. Kata kila moja ibaki sekunde mbili au tatu. Waongozaji wa enzi hizo walipima kwa mita za utepe: mita moja ya utepe wenye upana wa milimita 35 ina fremu (picha mojamoja) 52 na ushei, yaani kama sekunde 3.3 kwa fremu 16 kwa sekunde. Ilipokuja sauti na fremu 24 kwa sekunde, mita ileile ikawa sekunde 2.2 hivi.

Uigizaji hakuuacha. Mwaka 1929 aliigiza mhusika Fedya katika "Maiti Hai" ya Fyodor Otsep, na mwongozaji mwenzake Sergei Eisenstein akampa nafasi ya mwendawazimu mtakatifu katika "Ivan wa Kutisha". Uzeeni mambo yalimbana: filamu yake ya Admirali Nakhimov, kamanda wa majini wa Urusi, ilishutumiwa rasmi 1946, akairekebisha ndipo ikatoka. Alifariki 1953.

Nitumie zoezi lako bila muziki. Muziki utakuficha makosa.

Mama yako