Shukrani kwa dada muuguzi wa siku ya chanjo, Bombo

Dada yangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Ulikuwa ukichanja surua, foleni imefika nje chini ya mwembe. Mwanangu alikuwa na miezi 9. Ukampapasa taratibu kwa mikono uliyoipasha joto kwanza, kisha ukasema: "Mama, korodani ya kulia haijashuka."

Kwingine nilikuwa nimeambiwa nisubiri tu. Wewe ukanieleza bila haraka kwamba ikishapita miezi 6, ni mara chache sana kushuka yenyewe, na kwamba upasuaji usivuke miezi 18. Ukaniambia na jambo nisilowahi kulisikia: kasoro hii mara nyingi haiji peke yake. Njia ambayo korodani huipitia kutoka tumboni huweza kubaki wazi, utumbo ukapenya, ikawa ngiri. Ule mrija uliojikunja nyuma ya korodani, ambamo mbegu hukomaa, huenda ukawa umeachana nayo. Ukakagua na tundu la mkojo, maana wengine huwa nalo upande wa chini wa uume. La mwanangu lilikuwa mahali pake, alhamdulillahi.

Kampala, daktari wa upasuaji aliikuta njia iko wazi kweli, na mrija umeshika upande mmoja tu. Akaifunga njia, akaishusha korodani.

Sasa ana miaka 3. Nimerudi mara mbili kukutafuta, nikaambiwa umehamishwa. Popote ulipo, Mwenyezi Mungu akulipe. Asante sana, dada.